Minazi ya Bwana Kesho
(Sehemu ya tisa)

Nyie wasomaji hamna huruma. Wiki nzima mmenipigia simu, mmenisimamisha sokoni, na mmoja wenu kanivizia kinyozini nikiwa na povu kidevuni: "Mwandishi, ni nani aliyekohoa nyuma ya kaburi?" Haya basi. Kaeni vizuri niwaambie.

Kwa aliyenunua gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, mambo yako hivi. Mzee Anselmi Ruprekti, mstaafu wa serikali, mkazi wa Kwa Mathias pale Kibaha, amevaa suti ya kijivu, amebeba shada la maua ya plastiki, na amesafiri mpaka Marui, ndani ndani huko Kisarawe, kumtafuta babu yake Mjerumani. Katikati ya shamba la minazi ameliona kaburi la saruji. Amejitupa juu yake analia kwa sauti, mkono mmoja umeshika sikio la kushoto, maana Mzee Anselmi ndivyo anavyolia tangu utoto wake.

Na mtu akakohoa.

Alikuwa Bi Mwanahalima, bibi wa miaka themanini, anayeishi kwenye nyumba ya udongo iliyopakana na kaburi hilo. Ndiye anayelilima shamba. Na ndiye hasa ambaye Mzee Anselmi amekuja kumtoa.

"Pole, baba," alisema. "Pole sana. Lakini huyo unayemlilia ni mbwa."

Kilio kilikatika.

"Ni nani?"

"Mbwa. Aliitwa Kaiza. Mama yangu alimjua vizuri, alimng'ata mara mbili."

Mzee Anselmi alinyanyua uso. Mchanga ulikuwa umemganda kwenye masharubu. "Bibi, hili ni kaburi la saruji!"

"Naam. Vibarua wa bwana wake wakifa tuliwazika sisi wenyewe, kwa udongo wetu. Mbwa ndiye aliyepata saruji."

Hapo Shomari, mwenyekiti wa kitongoji, ambaye muda wote alikuwa amesimama pembeni ameuma kofia yake, alishindwa. Aliangua kicheko mpaka akajishikiza kwenye mnazi. Stellamaris, mpwa wa Mzee Anselmi, msichana wa ofisini Maili Moja aliyemwendesha mjomba wake tangu alfajiri, alitazama juu kwenye makuti kwa bidii zote. Angemtazama mjomba wake, angeaibika.

"Mwenyekiti!" Mzee Anselmi alifoka. "Umenileta mwenyewe hapa! Mbona umeniacha nikalia?"

"Mtani," alisema Shomari akijifuta machozi, "si umejitambulisha mwenyewe pale ofisini? Umesema mama yako Mnyamwezi wa Tabora, na Tabora ndiko ulikozaliwa. Sasa Mnyamwezi akifika kwa Wazaramo, akavaa suti, akajitupa juu ya kaburi la mbwa, akaangua kilio, sisi tuelewe nini? Nikasema huyu mtani kaja na vituko vyake, tumwache amalize. Tena umelia vizuri! Nilikuwa natafuta na mimi pa kujitupa nikuitikie."

Wallahi, Shomari hakuwa na kosa. Utani ni utani, na mtani makaburini ana ruhusa yake.

Mzee Anselmi alisimama, akajipangusa magoti, akarudisha sauti yake ya ofisini, ile iliyowatetemesha makarani kwa miaka thelathini.

"Bibi, habari yako. Mimi ndiye mjukuu wa mwenye shamba hili."

Umesikia, msomaji? Mama wa miaka themanini, anaambiwa "habari yako". Hata Stellamaris alifumba macho.

Bi Mwanahalima hakukasirika. Alimtazama kuanzia masharubu mpaka viatu. "Nzuri, baba. Njoo kivulini, jua limekukalia kichwani."

Wakaenda kwenye kibaraza. Palitandikwa mkeka. Stellamaris alivua viatu mlangoni, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Kaa."

Mzee Anselmi hakuvua. Aliketi ukingoni mwa kibaraza, miguu nje, viatu vyake vyeusi vya kamba vikining'inia, kwa sababu, kama alivyomwambia Stellamaris siku zote, mtu wa asili ya Ulaya havui viatu ovyo. Ni mtu huyuhuyu anayekula ugali kwa uma. Tumezoea.

Bi Mwanahalima alivuta mbuzi yake ya kukunia nazi, akaikalia, akapasua nazi. Krr, krr, krr. "Haya. Sema ulilokuja nalo."

"Nimekuja na ushahidi wa macho," alisema Mzee Anselmi, akinyoosha kidole shambani. "Tazama minazi ile. Safu zimenyooka! Kuna Mzaramo anayepanda mnazi kwa mstari? Huo ni mkono wa Mjerumani. Babu yangu, Bwana Ruprekti, ndiye aliyepanda. Kwa hiyo shamba ni lake, na likiwa lake ni langu. Wewe utapewa muda wa kutosha wa kuhama, mimi si mtu katili."

Krr, krr. "Huyo Bwana Ruprekti sisi hatumjui kwa jina hilo," alisema Bi Mwanahalima. "Sisi tulimwita Bwana Kesho."

"Kwa nini Kesho?" Stellamaris aliuliza.

"Alifika jioni moja kwa babu yangu mzaa mama, na hema lake na mbwa wake. Akasema, 'Naomba pa kulala. Kesho naondoka.' Babu akampa pale. Asubuhi akasema kesho. Ya pili yake akasema kesho. Akakata miti, akasema kesho. Akajenga nyumba ya mabati, ukimuuliza anakujibu kesho. Mpaka Mwingereza alipokuja kumkamata wakati wa vita vya pili, watu walimuuliza njiani, 'Bwana, unakwenda?' Akawaambia, 'Kesho narudi.'"

Shomari alikuwa ameisikia hadithi hiyo mara mia, akacheka kama mara ya kwanza. Halafu akaacha kucheka, akavaa kofia yake ya uenyekiti.

"Mtani, umesema mwenyewe alikuwa babu yako. Na bibi amesema alipokewa kama mgeni. Wewe umekaa ofisini, lakini desturi ya huku unaijua?"

"Desturi gani?"

"Mgeni akikaribishwa, anapewa pa kulima. Atalima mihogo, atalima mahindi, mtama, anachotaka. Mti wa kudumu hapandi. Si mnazi, si mwembe, si mkorosho. Akipanda, ni wizi. Akitaka kupanda, mwenye ardhi ndiye aweke mbegu kwa mkono wake, na mti unakuwa wa aliyeweka mbegu. Hata Baraza la Kata watakuuliza hilo kwanza, kabla hujakaa kwenye kiti. Sasa nijibu. Babu yako ndiye aliyeweka mbegu?"

Mzee Anselmi aliuona mtego. Akisema babu ndiye aliyepanda, babu mwizi. Akisema hakupanda, hana shamba.

"Safu..." alisema kwa sauti ndogo. "Zimenyooka..."

"Zimenyooka kwa sababu alishika kamba," alisema Bi Mwanahalima. "Upande huu yeye, upande ule mpishi wake. Kazi yake ilikuwa hiyo, kushika kamba na kufoka. Aliyeweka mbegu ni mkewe. Alimwoa binti wa mwenye ardhi makusudi. Hakuwa mjinga, Bwana Kesho."

Loo! Hapo Mzee Anselmi aligeuka kwa kasi iliyomshangaza hata mpwa wake. Mtu aliyetumia maisha yake yote akituonyesha pua yake ya Kijerumani, sasa alipiga kifua.

"Lakini huyo ndiye bibi yangu! Mimi ni damu ya Kizaramo! Mzaramo wa hapahapa Marui! Mwenyekiti, andika hivyo! Habari za Ulaya mimi wala sizijui!"

"Mjomba," Stellamaris alinong'ona, "asubuhi umeniambia—"

"Nyamaza, mwanangu. Asubuhi ilikuwa asubuhi."

"Sawa," alisema Shomari. "Bibi yako aliitwa nani?"

Krr ikasimama.

Mzee Anselmi alikuwa akijua meli iliyomleta babu yake. Alikuwa akijua mji aliozaliwa babu yake, na jina la mto unaopita katika mji huo. Aliwahi kuwafundisha watoto wote wa Kwa Mathias kulitamka.

"Nyumbani tulisema..." Alikohoa. "Tulisema binti mmoja wa Kizaramo."

Stellamaris aliona haya kuliko alivyoona haya kwenye kaburi la mbwa, maana na yeye hakuwahi kuuliza. Yule binti mmoja alikuwa ni mama wa babu yake yeye mwenyewe.

Bi Mwanahalima aliweka kifuu chini. Akamtazama Mzee Anselmi kwa muda, kichwa ameinamisha upande.

"Lia tena," alisema.

"Nini?"

"Lia tena kidogo. Nikuone."

"Bibi, mtu halii kwa kuagizwa!"

"Mtani, nikufinye?" Shomari alijitolea.

"Bibi," alisema Stellamaris, "mjomba akilia hushika sikio. La kushoto. Alifanya hivyo hata tulipomzika mama yangu, dada yake. Ndivyo alivyo."

"Nimeona," alisema Bi Mwanahalima. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Niliona tangu pale kaburini, nikasema macho yangu ya uzee. Baba yako aliitwa nani, wewe?"

"Yosefu. Alikuwa mtu wa reli, Tabora. Alikufa zamani."

"Yosefu." Alilitamka polepole. "Amekufa Yosefu. Na sisi tunamwekea nazi."

"Mama yangu alilia hivyo," alisema. "Ameshika sikio la kushoto. Aliitwa Mboni. Mlisikie jina lake, mlibebe mrudi nalo huko Kibaha. Mboni. Bwana Kesho alipojua Waingereza wanamfuata, alimchukua mtoto wao, Yosefu, akampeleka misheni Bagamoyo. Alimwambia mama, 'Kesho nitamrudisha.' Mama akangoja. Baadaye akaolewa na baba yangu, akanizaa mimi, na bado akangoja. Nimekua namwona anafagia njia kila Ijumaa, kwamba mwanawe atapita."

"Baba alituambia mama yake alimkataa," alisema Mzee Anselmi. "Aliambiwa hivyo misheni. Ndiyo maana hakutaka kulitaja jina lake."

"Alimkataa?" Bi Mwanahalima alinyoosha kidole. Mbele ya nyumba, nje kabisa ya zile safu zilizonyooka, ulisimama mnazi mmoja peke yake, mrefu, umepinda kidogo. "Ule haukupigiwa kamba. Kitovu cha baba yako kimezikwa pale. Mama aliupanda siku kilipodondoka. Mpaka leo anayepanda kuangua lazima aseme, 'Yosefu, tunaomba nazi.' Hata Shomari huyu na utani wake wote, husema. Hii ninayoikuna ni ya mti ule. Mtu anayemkataa mwanawe hufanya hivyo?"

Msomaji, Mzee Anselmi akalia. Safari hii hakujitupa popote. Alikaa palepale ukingoni, mkono ukaenda sikioni wenyewe, na machozi yakamtoka kimya kimya. Alikuwa ametoka Kibaha kutafuta babu, amepata mbwa, na sasa amepata bibi aliyekufa akimngoja baba yake. Stellamaris naye alilia. Shomari alitazama pembeni, akasingizia moshi wa jikoni.

"Basi wewe," alisema Mzee Anselmi hatimaye, "na baba yangu, mama yenu mmoja."

"Mama mmoja."

"Basi wewe ni shangazi yangu."

"Ndiyo. Na shangazi yako umemwamkia 'habari yako'."

Mzee wa miaka sitini na minane alishuka kibarazani, akainama mpaka tai ikagusa mchanga. "Shikamoo, shangazi."

"Marahaba." Akamwacha ameinama kidogo, kama adhabu. "Marahaba, mwanangu. Inuka. Shamba hili lina nafasi. Ukitaka kujenga kibanda cha kupumzikia uzee wako, mnazi wa baba yako ni wako, na kivuli chake ni chako. Hukuhitaji kunifukuza. Ungepiga hodi tu."

Ningependa kuishia hapo, msomaji. Nazi ilikuwa inakunwa, mihogo ilikuwa jikoni, na Shomari alikuwa ameanza kudai kuku kwa kuwa mtani aliyetania msiba wa mbwa lazima atoe kuku. Lakini simu ya Mzee Anselmi, ambayo tangu asubuhi haikuwa na mtandao, iliamka mfukoni. Ikalia, ikanyamaza, ikalia. Alipoitazama alibadilika rangi.

"Mjomba?" alisema Stellamaris. "Ni nani?"

"Dulla."

Mnamkumbuka Dulla, yule dalali wa viwanja wa Maili Moja mwenye miwani ya jua hata mvua ikinyesha. Yeye ndiye aliyemtia Mzee Anselmi wazimu wa shamba la babu tangu sehemu ya kwanza. Na sehemu ya sita, mtakumbuka, Mzee Anselmi alitia sahihi kwenye karatasi yake ya mauzo.

"Mjomba, alisema anakuja lini?"

Hakukuwa na haja ya kujibu. Kutoka upande wa barabara ya Maneromango ulisikika muungurumo mzito, miti ikitikisika.

"Hilo si trekta," alisema Shomari akisimama.

Halikuwa trekta. Lilikuwa katapila la njano, limeshushwa kwenye lori huko barabarani, linakuja kwa minyororo yake, linalaza mihogo ya watu kushoto na kulia. Mbele yake Dulla alikuwa akitembea kinyumenyume, akimwonyesha dereva njia kwa mikono miwili.

"Mzee baba!" alipiga kelele. "Mbona hupokei simu? Mchongo umeiva! Mteja anataka eneo liwe jeupe leo leo. Tunaanza na hiki kibanda, chap, halafu ule mnazi uliojitenga, unaziba njia ya gari. Zile safu tunamwachia, amezipenda."

Kibanda kilikuwa nyumba ya Bi Mwanahalima. Mnazi mnaujua.

Bi Mwanahalima hakumtazama Dulla. Alimtazama mtoto wa kaka yake. "Anselmi. Hawa ni wageni wako?"

"Shangazi..." Jasho lilimtiririka hadi kwenye kola. "Ni... ni mambo ya zamani kidogo, ya kabla sijajua. Usiwe na wasiwasi. Nitaongea nao. Wataondoka. Wataondoka kesho."

Shomari, ambaye hucheka hata kwenye vikao vya kodi, hakucheka. Stellamaris aliona mjomba wake akilisikia neno lake mwenyewe, wakati limeshatoka.

Bi Mwanahalima aliinuka. Alichukua mbuzi yake kwa mkono mmoja, akaburuta mkeka kwa mwingine, akapita mbele ya katapila kwa mwendo wake wa uzee. Akatandika mkeka chini ya mnazi wa Yosefu. Akaweka mbuzi, akaikalia, akashika kifuu chake. Krr, krr, krr. Katapila likasimama, dereva akazima injini, bamba lake la chuma limeinuliwa juu ya kichwa cha bibi.

"Babu yako alisema kesho," alisema bila kuinua macho, "na mama yangu akafa anangoja. Wewe, mwanangu, sema leo. Lolote utakalosema, lakini useme leo."

"Mzee, tusizinguane," alisema Dulla, akivua miwani kwa mara ya kwanza tangu hadithi hii ianze. Akatoa karatasi mfukoni, akaikunjua. "Sahihi ni yako, hii hapa. Sasa dereva anasubiri neno lako tu. Awashe, au?"

Dereva akachungulia dirishani. "Nawasha, mzee?"

Mzee Anselmi alitazama mkeka, palipokuwa na nafasi ya mtu mmoja kando ya shangazi yake. Akatazama nyuma, njia nyeupe inayokwenda barabarani, anakoweza kupata pikipiki ya kumfikisha Kisarawe mjini na baadaye Kibaha, kwa uma wake na pua yake.

Aliinama, akaanza kufungua kamba za viatu.

Na Stellamaris, anayemjua mjomba wake tangu azaliwe, alishika moyo, kwa sababu mtu mzima mwenye viatu vya ngozi huvivua kwa mambo mawili tu: kukaa mkekani, au kukimbia.